Pancha Mbali na Fundi: Namna ya Kuziba Tairi Bila Kuliharibu

Kata ya Mwamgongo imekaa mahali ambapo ziwa na mlima vimekaribiana mno. Magharibi ni maji ya Tanganyika, yaliyo mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashariki ardhi hupanda ghafla kufuata ukingo wa Bonde la Ufa. Kusini ni Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Kwa miaka mingi boti ndiyo iliyokuwa njia ya kutegemewa ya kwenda Kigoma mjini na kurudi. Mwenye pikipiki au baiskeli anayepata pancha katika mazingira hayo hawezi kutarajia anachokitarajia mkazi wa Ujiji au Mwandiga, ambako fundi wa tairi hukaa kando ya barabara na pampu yake ikiwa tayari. Huenda akalazimika kulifungua gurudumu, kulibeba begani hadi ufukweni, na kulisafirisha katikati ya magunia ya dagaa na madumu ya mawese, ili tundu lisilozidi unene wa mwiba likazibwe mjini.

Usumbufu huo ni jambo moja. Jambo la pili ni hatari. Pikipiki hiyo hiyo ndiyo inayobeba mama mjamzito usiku, mtoto mwenye homa, au mtahiniwa aliyechelewa. Tairi la mbele likiisha upepo katika mteremko wenye kokoto, usukani huwa mzito na huvuta upande mmoja. La nyuma likiisha, pikipiki huyumba mkia na abiria ndiye anayetupwa kwanza. Kwa hiyo ujuzi wa kuziba pancha ni sehemu ya usafiri salama kama ulivyo ujuzi wa kufunga breki.

Katika maduka ya vipuri siku hizi huuzwa seti ndogo ya kuzibia pancha. Ndani yake mna vyuma viwili vyenye mpini wa umbo la herufi T, kimoja chenye meno mithili ya tupa ya duara na kingine chenye tundu mithili ya sindano ya kushonea magunia. Mna tepe fupi za mpira zenye kunata, na pengine kichupa cha solusheni. Seti hiyo ni nyepesi, haihitaji kutoa gurudumu wala kubandua tairi, na mtu aliyezoea huimaliza kazi kwa muda mfupi. Sifa hizo ni za kweli. Hata hivyo, seti hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya aina moja tu ya tairi, na aina hiyo siyo iliyofungwa kwenye baiskeli nyingi wala kwenye pikipiki nyingi za bodaboda.

Tairi lenye tyubu na tairi lisilo na tyubu

Mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake ya magurudumu matatu. Tangu hapo, kwa zaidi ya nusu karne, upepo ulihifadhiwa ndani ya tyubu na tairi la nje likawa kinga ya tyubu hiyo. Katika miaka ya 1940 kampuni za Marekani zilianza kutengeneza tairi lisilohitaji tyubu: kingo zake huibana rimu barabara, na ukuta wake wa ndani una utando wa mpira usiopitisha upepo. Mafundi huliita tyubulesi. Magari madogo mengi ya leo hutumia aina hiyo, na baadhi ya pikipiki pia.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama seti ya tepe itasaidia au itaharibu. Katika tyubulesi, tairi lenyewe ndilo linaloshika upepo. Utepe ukijazwa katika tundu, upepo hauna pa kutokea. Katika tairi lenye tyubu, upepo umo ndani ya mfuko mwingine. Mtu akichomeka chuma cha meno katika tairi la namna hiyo, atapitiliza hadi kwenye tyubu na kuichana. Utepe atakaouingiza utaziba tairi la nje, na upepo utaendelea kutoka kupitia mpasuko ambao yeye mwenyewe ameupanua. Tyubu iliyokuwa na tundu la kuzibwa kwa kiraka kimoja sasa ni ya kutupwa.

Ukaguzi basi hutangulia kila kitu, na waswahili walikwisha kusema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ubavuni mwa tairi pameandikwa TUBELESS, au kwa kifupi TL, iwapo halihitaji tyubu. Lenye kuhitaji huandikwa TUBE TYPE au TT. Lakini maandishi hayo peke yake hayatoshi. Rimu ya spoku za kawaida ina matundu mengi ambamo spoku hupita, na upepo ungevujia humo. Ndiyo maana magurudumu ya spoku kwa kawaida hufungwa tyubu hata kama tairi limeandikwa TUBELESS. Rimu nzima isiyo na spoku nayo si uthibitisho, kwa kuwa zipo pikipiki za rimu hiyo zilizotoka kiwandani na tyubu, na zipo nyingine ambazo fundi alizitia tyubu baadaye rimu ilipoanza kuvuja. Alama nyingine ni shina la valvu: la tyubu mara nyingi ni la chuma, lina nyuzi za parafujo na nati inayolishikilia kwenye rimu, la tyubulesi mara nyingi ni la mpira mnene uliobana tundu la rimu. Anayenunua pikipiki iliyokwisha kutumika amuulize muuzaji swali hili siku ya kununua, asingoje siku ya pancha.

Kuziba tyubulesi kwa utepe

Mwendeshaji anapohisi gurudumu linalegea, asiendelee kwa matumaini ya kufika. Tairi lisilo na upepo husagwa kati ya rimu na njia. Kuta zake hukatika kwa ndani na kuacha unga mweusi, na tairi lililofikia hali hiyo halizibiki tena hata kama tundu lake ni dogo. Asimame mahali tambarare palipo mbali na kona, abiria ashuke, na chombo kisimamishwe imara. Kama ni gari, breki ya mkono ivutwe na pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe barabarani.

Tundu hutafutwa kwa macho, kwa sikio, na mwisho kwa maji ya sabuni yanayomiminwa juu ya tairi lenye upepo. Palipo na tundu povu hufura. Msumari ukionekana, using'olewe upesi. Ukiwa ndani bado unazuia sehemu ya upepo, na ndio unaoonyesha mahali na mwelekeo wa tundu. Kwanza vifaa vyote vipangwe juu ya kitambaa: plaisi, chuma cha meno, sindano ambayo utepe umekwisha kupitishwa hadi katikati yake, solusheni, kisu na pampu.

Kabla ya kung'oa, swali ni hili: tundu liko wapi? Utepe unafaa kwenye uso wa tairi tu, ile sehemu yenye kashata inayokanyaga njia. Begani, yaani ukingoni ambapo uso hukutana na ubavu, na ubavuni kwenyewe, haufai kabisa. Ubavu hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na utepe uliowekwa hapo hulegezwa kidogo kidogo hadi uchomoke kwa ghafla, mara nyingi mwendo ukiwa mkubwa. Vilevile tundu linalozidi milimita 6 upana, au mpasuko mrefu uliofanywa na jiwe lenye ncha, si la utepe. Katika hali hizo gurudumu litolewe na kupelekwa kwa fundi, hata kama ni kwa boti.

Tundu likiwa mahali panapokubalika, msumari hung'olewa kwa plaisi huku mwelekeo wake ukiangaliwa, kwani mara nyingi huwa umeingia kwa mshazari. Chuma cha meno hupakwa solusheni kidogo, huingizwa kwa kufuata mshazari ule ule, kisha husukumwa na kuvutwa mara kadhaa. Kazi yake ni kusafisha tundu na kukwaruza mpira ili utepe ushike. Tairi la gari lina nyaya nyembamba za chuma chini ya uso wake, hivyo nguvu huhitajika. Mtu asishangae akilazimika kuegemeza kifua. Kinachofuata ni sindano. Utepe ukiwa umegawanyika sawa pande mbili, hupakwa solusheni na kusukumwa ndani hadi ncha zake mbili zibaki nje kwa sentimita moja au moja na nusu. Sindano huchomolewa kwa mvuto mmoja ulionyooka, bila kuizungusha. Tundu lake lina mwanya, na kwa mwanya huo huuachia utepe ndani ukiwa umejikunja. Wengi hukosea hapa kwa kusukuma mno hadi utepe wote utumbukie, na kazi ikaanza upya.

Upepo hujazwa hadi kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa chombo. Kwenye magari mengi kiwango hicho hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwenye pikipiki nyingi hubandikwa karibu na mnyororo. Maji ya sabuni humiminwa tena. Povu likifura, utepe wa pili unaweza kuongezwa kando ya wa kwanza. Likifura hata baada ya huo, tundu ni kubwa kuliko lilivyodhaniwa na safari isimame. Likitulia, ncha za utepe hukatwa zikibaki milimita chache juu ya uso wa tairi, bila kuzivuta wakati wa kukata.

Jambo moja wauzaji wa seti hizi hawalitaji mara kwa mara. Kwa mujibu wa taratibu za watengenezaji wa matairi, utepe ulioingizwa kutoka nje si matengenezo kamili. Matengenezo kamili hutaka tairi libanduliwe, likaguliwe kwa ndani, na tundu lizibwe kwa kiziba chenye shina na kiraka kinachogandishwa kwenye ukuta wa ndani. Utepe ni wa kumfikisha mtu kwa fundi. Njiani mwendo upunguzwe, mzigo upunguzwe, na baada ya kilomita chache upepo upimwe tena. Bodaboda iliyozibwa kwa utepe haipaswi kurudi siku hiyo hiyo kupakia abiria wawili na gunia.

Kuziba tyubu kwa kiraka

Hii ndiyo kazi itakayowahusu wakazi wengi zaidi wa kata, wenye baiskeli, toroli na pikipiki za spoku. Ni ndefu kuliko ile ya utepe lakini vifaa vyake ni rahisi: vyuma viwili bapa vya kubandulia tairi, spana ya gurudumu, msasa, viraka, solusheni na pampu. Bisibisi isitumike kubandua tairi, kwa kuwa ncha yake hutoboa tyubu ile ile inayookolewa.

Upepo uliobaki hutolewa, nati ya valvu hufunguliwa, na upande mmoja wa tairi hubanduliwa kwa kuanzia mkabala na valvu. Tyubu hutolewa, hujazwa upepo kidogo, na kuzamishwa ndani ya beseni. Wakazi wa pwani ya ziwa hawakosi maji ya kazi hiyo, ila mchanga uepukwe. Mapovu yanapotokea pawekwe alama. Fundi mzoefu huyasoma matundu kabla ya kuyaziba. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au msumari. Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, ni kichwa cha spoku kilichojitokeza, na dawa yake ni kukikata kwa tupa na kurudisha utepe wa kufunikia spoku mahali pake. Matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka ni dalili kwamba chombo kiliendeshwa kikiwa na upepo mdogo, tyubu ikabanwa kati ya jiwe na rimu. Pasuko kwenye shina la valvu huonyesha kwamba tairi limekuwa likiteleza juu ya rimu. Hilo halishiki kiraka, na tyubu hubadilishwa.

Sababu ya pancha iondolewe kabla ya kitu kingine. Vidole vipitishwe polepole ndani ya tairi vikiwa vimefungwa kitambaa, maana mwiba uliobaki humo utatoboa tena kabla mwendeshaji hajamaliza kufuta mikono.

Tyubu ikaushwe vizuri. Mahali pa tundu pasuguliwe kwa msasa, eneo kubwa kuliko kiraka, hadi mng'ao wa mpira upotee. Solusheni ipakwe kwa wembamba na iachwe. Hapa subira ndiyo fundi: kiraka kikibandikwa solusheni ikiwa mbichi, kitateleza na kubanduka. Huachwa dakika kama tano hivi, hadi ikiguswa pembeni isichafue kidole. Ngozi ya kiraka itolewe bila kugusa upande wake wa kugandia, kibandikwe, na kikandamizwe kuanzia katikati kuelekea pembeni. Unga wa chaki ukinyunyizwa juu yake huzuia solusheni iliyobaki isigandamane na tairi.

Wapo mafundi wanaochoma kiraka kwa moto, wakikibana chini ya pistoni kuukuu ya injini ambamo petroli kidogo huwashwa. Joto huunganisha mpira mbichi na tyubu, na kiraka cha namna hiyo hudumu. Hata hivyo si kazi ya kufanyia uani penye watoto, wala karibu na madumu ya mafuta ya boti. Solusheni yenyewe hushika moto kwa urahisi. Sigara na jiko viwe mbali.

Tyubu hurudishwa ikiwa na upepo kidogo tu, ili isijikunje wala kubanwa. Valvu inyooke, ikilala upande, tyubu imejivuta ndani. Mwisho wa kuingiza tairi ufanywe kwa viganja kadiri inavyowezekana, kwani chuma kikitumika kwa pupa hapo ndipo kiraka cha pili kinapohitajika. Upepo ujazwe kwa awamu mbili: nusu kwanza, gurudumu lizungushwe na kutazamwa kama tairi limekaa sawa pande zote, kisha limaliziwe.

Wapo wanaojaza majani makavu ndani ya tairi la baiskeli tyubu inapokosekana. Huwafikisha nyumbani, ni kweli, lakini rimu hupinda na tairi hukatika kingo, na gharama ya mwisho huwa kubwa kuliko ya tyubu mpya.

Kujiandaa kabla ya safari

Solusheni ikishafunguliwa huanza kukauka, na kichupa kilichokaa miezi kwenye kisanduku cha pikipiki mara nyingi hukutwa kimekuwa jiwe. Kikaguliwe kabla mvua za Novemba hazijaanza, wakati bado kuna nafasi ya kumwagiza mtu mjini. Tepe ziwekwe mbali na jua. Pampu ya mkono ijaribiwe nyumbani, kwa kuwa utepe na kiraka visivyo na pampu havimsogezi mtu hata hatua moja. Waendesha bodaboda wa kijiwe kimoja wanaweza kuchangia seti mbili, ya tepe na ya viraka, pamoja na pampu moja nzuri, vikawekwa kwa mmoja wao kwa zamu na kila anayetumia akarudisha alichokitumia.

Vijana wanaotaka kuifanya kazi hii kuwa biashara, kwa kufungua kibanda cha tairi chenye mashine ya upepo karibu na ufukwe boti zinapotia nanga, wana njia ya kupata mtaji. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi hupaswa kusajiliwa na kuwa na andiko la mradi, na mahali pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Katika andiko hilo kikundi kionyeshe ni magurudumu mangapi yanayohitaji huduma kijijini na ni mangapi ambayo sasa hupelekwa mjini kwa boti. Hesabu hiyo huweza kukusanywa kwa wiki mbili na kijana mmoja mwenye daftari, akikaa bandarini asubuhi na jioni.